Kuku Aliyechinjwa Baada ya Kufa

Kwanza niseme hili, ili anayetaka kucheka acheke mapema tuendelee: sikulia. Mwezi uliopita, siku ya hitima ya Shangazi Rukia, nilikaa kwenye mkeka katika sebule ya nyumba yake ya Shella, mjini Malindi, mimi mwenye miaka sitini na mitatu, mwalimu mstaafu, bibi wa wajukuu watano, nikasikiliza chumba kizima cha wanawake wakisimuliwa jinsi nilivyolilia kuku. Msimulizi alikuwa Salma, binti wa marehemu, binamu yangu, ambaye naye sasa ni bibi mwenye miwani mizito na mkono mwepesi wa kupiga watu mapaja anapochekesha. Ati kuku wangu alipoanguka uani nilipiga ukemi mtaa mzima ukatoka. Ati nilimkumbatia, nikampangusa kwa leso, nikakataa asichinjwe. Ati alipopikwa niliingia mbele ya wageni kamasi zikinitoka, nikawapokonya vipande mkononi. "Akamwambia mavyaa yangu, bibi usile, huyo ni ndugu yangu!" Salma akamalizia, na wanawake wakaegemeana kwa kicheko, wengine wakijifuta macho yaliyokuwa bado mekundu kwa msiba. Hata mimi nilitabasamu, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kufanya. Nimetabasamu kwenye harusi tatu, akika mbili na msiba mmoja kwa hadithi hiyo hiyo. Lakini safari hii, tabasamu likiwa bado usoni, nilihisi hasira imenipanda hadi masikioni, nikainuka, nikasema nakwenda kunywa maji.

Nitasimulia jinsi ilivyokuwa. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na mitano, na nilikuwa nimepelekwa kwa shangazi nikasome Malindi kwa sababu shule ya huko ilikuwa na walimu wa kutosha. Nyumba ilikuwa ya zamani, ya mawe, kuta nene, sebule ya wageni mbele yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na baina ya sebule hiyo na vyumba vya ndani kulikuwa na pazia la kijani lililopitisha mazungumzo yote bila kuonyesha uso. Nyuma ndiko tulikokaa: ua wenye birika la maji, jiko la makaa, mkomamanga mmoja mnyonge, na banda la kuku lililoezekwa mabati yaliyochakaa. Nililala chumba kimoja na Salma, ambaye mwaka ule alikuwa akiposwa na familia ya Mambrui na hakuzungumza lolote ila mishono ya magauni. Nilipata mlo mzuri, hilo sitalikana. Asubuhi mahamri na mbaazi za nazi, mchana wali na samaki, jioni chai ya tangawizi na kilichobaki. Shangazi alikuwa mpishi wa kusifiwa na mwanamke wa msimamo, maneno yake machache na hayarudiwi. Alinipenda kwa namna yake. Alinisuka nywele kila Alhamisi, akinivuta kichwa huku na huku kama anayepepeta mchele, na nilipojibu darasani vizuri alikuwa akiwaambia jirani zake kwa sauti ambayo alihakikisha naisikia.

Katika nyumba ile kitu kimoja tu kilikuwa changu, na hicho kilikuwa kuku. Nilipewa na Mama Kadzo, mama wa Kigiriama kutoka upande wa Kaloleni aliyetuletea nazi kila wiki, siku moja nilipomsaidia kumenya madafu yake hadi mikono ikapasuka. Alikuwa tetea mdogo wa kishingo, yaani wale ambao shingo yao haina manyoya, nyekundu na yenye makunyanzi, hata ukimtazama haraka unadhani kashanyonyolewa nusu. Salma alisema ni kuku mbaya kuliko kuku wote wa Malindi. Mimi nilimwita Kishingo, jina lisilohitaji akili nyingi, naye akalizoea. Nikirudi shuleni alikuwa akija mbio, mabawa yameachana, ananifuata hadi jikoni, na nikikaa chini kukuna nazi alisimama ubavuni mwa mbuzi akingoja chembe zilizoruka. Sikumpenda kama ndugu. Nataka hilo liandikwe. Nilimpenda kama kuku, na sioni kwa nini hilo halitoshi. Mtu aliye ugenini, anayeomba ruhusa ya kila kitu hata ya kufungua dirisha, akiwa na kiumbe kimoja kinachomkimbilia yeye na kuwapita wenye nyumba, hana haja ya kueleza zaidi. Kufikia miezi ya joto alikuwa ameatamia mayai tisa ndani ya kikapu kibovu chini ya mkomamanga, na Mama Kadzo, aliyeyainua moja moja kwenye jua na kuyachungulia, aliniambia zimebaki siku nne au tano.

Ijumaa hiyo hatukuwa na shule. Wageni wa Mambrui walitarajiwa baada ya alasiri, waje kuzungumza tarehe ya harusi, na nyumba nzima ilikuwa mbioni. Jogoo mkubwa alikuwa amechinjwa tangu asubuhi na Mahfudh, mtoto wa kiume wa pekee wa shangazi, kijana wa miaka ishirini na mmoja aliyekuwa ametoka Lamu majuma mawili nyuma baada ya kusoma dini huko miaka mitatu. Mtaani walikwishaanza kumwita sheikh. Adhana ya kwanza ilipotoka, wanaume wa nyumba wakaenda msikitini, nami nilikuwa nafua vitambaa vya makochi kwenye birika niliposikia Kishingo akitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa kuku yeyote, kama mtu anayekohoa akizuiliwa. Alikuwa ametoka kikapuni. Alipiga hatua tatu, akapinda shingo, akaanguka ubavu, miguu ikikuna mchanga.

Sasa hapa msomaji anayejua nyumba zetu ameshajua kilichofuata, na asiyejua nitamweleza. Mnyama anayekufa bila kuchinjwa ni kibudu, haliwi, ni wa kutupwa. Basi kuku akianguka, wa kwanza kutajwa huwa kisu. Na katika mitaa yetu ya pwani, tangu sijazaliwa, mwanamke hachinji. Akitaka kuku wake achinjwe na nyumbani hakuna mwanamume, anasimama mlangoni, kuku mkono mmoja na kisu mkono wa pili, anangoja apite Mwislamu wa kiume yeyote, amjue asimjue, amwambie: nichinjie. Nimewaona wanawake wakisimama hivyo tangu utotoni, wakipiga soga na kuku kwapani, na sikuwahi kuona ajabu yoyote.

"Yuwafa! Yuwafa huyo!" shangazi alipiga kelele kutoka jikoni. "Nuru, chukua kisu, mkimbize mlangoni, asife kibudu!"

Nikamkimbiza. Nilisimama kizingitini, Kishingo kifuani, moyo wake ukipiga kwenye kiganja changu haraka haraka. Kichochoro kilikuwa na watu wa mwisho mwisho wanaowahi msikiti. Akapita mzee mmoja wa mtaa wetu, kanzu nyeupe imepigwa pasi hadi inang'aa.

"Shikamoo babu. Nichinjie kuku, yuwafa."

"Marahaba mjukuu wangu. Sasa mimi nina udhu, na kanzu ni hii moja ya Ijumaa. Damu ni najisi, wajua. Ngoja atapita mwingine."

Akapita mwingine, kijana mbio mbio, akanionyesha saa ya mkononi bila kusimama. Akapita mtu wa baiskeli, nikamwita, akashuka kwa adabu kabisa, akasema, "Dada, mimi ni Mkristo. Nikimchinja mimi hamtamla," akapanda tena na kwenda zake. Kisha kichochoro kikawa kitupu. Wanaume wote wa Shella walikuwa chini ya paa moja, na sauti ya hotuba ikaanza kwenye kipaza sauti. Sikumbuki hotuba ilihusu nini. Nakumbuka mdomo wa Kishingo ulikuwa wazi na ulimi wake mwembamba ulikuwa umekauka, nikachovya kidole kwenye mtungi wa mlangoni nikamdondoshea maji.

Shangazi alikuja akasimama nyuma yangu, mikono imejaa unga wa ndizi za kukaanga.

"Bado?"

"Wote wako msikitini. Shangazi, niache nimchinje mimi."

"Wewe?"

"Maalim alitufundisha chuo cha Kurani. Mwanamke Mwislamu mwenye akili yake, chinjo lake ni halali. Alisema wazi."

"Maalim haishi nyumba hii. Tangu mama wa mama yangu, humu hakujaliwa chinjo la mwanamke, wala wewe hutaanza. Watu wa Mambrui wakisikia nawalisha chinjo la kitoto cha kike, nitaweka wapi uso wangu? Simama hapo, ungoje."

Nikasimama, nikangoja. Kisu kilikuwa mkononi mwangu, kikali, nimekinoa mwenyewe asubuhi ile. Kuku alikuwa hai. Bismillahi naijua tangu nina miaka mitatu. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu kuliko mambo mengi makubwa ya maisha yangu, na bado sijapata sababu moja iliyonizuia, ila kwamba nilikuwa mtoto mtiifu. Naona haya kusema mtiifu, kwa sababu watoto wangu wa darasa la nne niliwasifia utii kwa miaka thelathini, na kila niliposifia nilimwona kuku.

Alikufa wakati imamu anatoa salamu. Ninajua kwa sababu salamu ya kwanza ilitoka nikiwa nasikia moyo, na ya pili ikatoka nisisikie. Ukope wa chini ukapanda taratibu, mweupe, ukafunika jicho, maana kuku hufumba kutoka chini. Shingo ile ya makunyanzi ikalegea juu ya kiwiko changu. Nikakaa kwenye kizingiti naye. Hapo ndipo ningeweza kulia, na labda ningelia, ila sikupewa nafasi. Mahfudh alikuwa wa kwanza kutoka msikitini, kwa kuwa alijua wageni wanakuja, na shangazi alimwona tangu mbali.

"Mahfudh! Wahi mwanangu, wahi!"

"Kaka, kishakufa," nikasema.

Alimtoa Kishingo mikononi mwangu, akamchukua hadi uani, akachukua kisu, akaelekea kibla, akasema maneno yake, akapitisha. Aliyewahi kufuga anajua kuku aliyechinjwa yuko vipi: anaruka, anapiga mabawa, damu inakurukia hadi usoni, unamkanyaga mguu asikuponyoke. Huyu hakurusha hata kidole. Damu ilitoka nyeusi, polepole, ikajikusanya chini ya mkomamanga. Mahfudh aliitazama kwa muda. Mama yake alikuwa amesimama juu yake.

"Umemwahi?"

"Nimeona jicho likipepesa," alisema Mahfudh.

"Alhamdulillah," akasema shangazi. "Nuru, tia maji ya kumnyonyolea."

Nilirudia kwamba amekufa. Nilisema nilimshika, nilisikia moyo ukisimama, damu haikuruka, ukope ulikuwa umepanda. Shangazi akaniuliza nani amesoma dini Lamu, mimi au yeye. Halafu akasema neno ambalo limenikaa hadi leo: kwamba nimemkasirikia kuku wangu kuchinjwa ndiyo maana nageuza maneno. Hawakumhitaji, hilo ndilo linalonichoma. Jogoo alikuwa jikoni, samaki alikuwa tayari, sambusa zilikuwa zimejaa ungo. Lakini sheikh wa nyumba alishasema jicho lilipepesa, na kumtupa kuku baada ya hapo kungekuwa kumwambia mtoto wa kiume kwamba hakuona alichoona. Mkono wangu juu ya kuku aliye hai ulikuwa haramu. Mkono wake juu ya kuku aliyekufa ukawa halali. Nilimnyonyoa mimi, maana hakuna mwingine aliyekuwa na nafasi, na kazi ilikuwa fupi, kwa kuwa shingo haikuwa na manyoya.

Wageni waliingia wakiwa watano, wanawake wanne sebuleni na mwanamume mmoja barazani na Mahfudh na babake. Mkubwa wao alikuwa Bi Aziza, mamake bwana harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole aliyeniuliza nasoma darasa gani na akangoja jibu, jambo ambalo wageni wengi hawafanyi. Chakula kikapakuliwa kabla ya magharibi. Mimi ndiye niliyebeba sinia: wali wa nazi, jogoo wa kupaka upande mmoja, Kishingo wa mchuzi upande wa pili, achari ya ndimu katikati. Nikaweka chini, nikamwagia wageni maji mikononi kwa birika la shaba. Nikamwona Bi Aziza akipeleka mkono upande wa mchuzi, akichukua kipande cha kifua.

Salma asema nilipiga kelele. Sikupiga. Nilipiga magoti, nikasema kwa sauti ya chini kabisa, "Bibi, samahani, usile hicho. Kuku huyo ni kibudu. Alikufa mikononi mwangu kabla ya kisu." Nilichofundishwa chuoni ni kwamba ukijua chakula ni haramu na ukanyamaza Mwislamu mwenzio akala, dhambi ni yako. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na niliamini nilichofundishwa. Mpaka leo sijui nilipaswa kufanya nini kingine.

Bi Aziza alikirudisha kipande, taratibu. Hakuna aliyetafuna. Shangazi alicheka, kicheko kifupi, akasema, "Msimjali mtoto huyu. Kuku alikuwa wake, kamlea, basi moyo wauma." Wanawake wengine wakacheka naye kwa nafuu. Lakini Bi Aziza akasema aitwe aliyechinja. Mahfudh akaja, akasimama nyuma ya lile pazia la kijani, tukaona ncha za viatu vyake tu.

"Mwanangu," akasema Bi Aziza, "kuku alikuwa hai ulipomchinja?"

Nilitazama vile viatu. Nilidhani, wallahi nilidhani, kwamba atasema kweli, kwa sababu aliyeuliza alikuwa mtu mzima, na swali lilikuwa la dini, na yeye dini ndiyo kazi yake.

"Alikuwa hai, bibi. Nimeliona jicho likipepesa."

"Basi bismillahi," akasema Bi Aziza, akachukua kile kile kipande. Alinitazama kwa huruma alipokuwa akila, na huruma yake ilinikera kuliko kicheko cha wale wengine, maana ilikuwa ya mtu anayemwona mtoto mwongo na kumsamehe.

Mayai niliyakumbuka asubuhi ya Jumamosi. Ni mimi niliyeyasahau, wala simsingizii mtu. Yalikuwa baridi kama mawe ya birika. Mama Kadzo alikuja na nazi zake akanikuta nimechuchumaa mbele ya kikapu, akayashika moja baada ya jingine, akaliweka moja sikioni, akalirudisha. "Pore, mwanangu," akasema kwa lugha yake. Ndiye mtu wa pekee aliyenipa pole, na alinipa kwa mayai, kuku na kila kitu mara moja, bila kuuliza nani alimchinja nani. Tukachimba pamoja chini ya mkomamanga, tukayafukia mayai pamoja na kichwa na manyoya nilivyoviokota jikoni. Salma alituona kutoka dirishani, na huko ndiko yalikotoka maneno kwamba nilimzika kuku kwa sanda. Leso ilikuwa ya kubebea mayai.

Adhabu yangu haikuwa fimbo. Jumamosi hiyo hiyo shangazi aliniambia nimtake radhi Mahfudh kwa kumvunjia heshima mbele ya wakwe. Nikasema siwezi, kwa kuwa nikimtaka radhi nitakuwa nimesema uongo. Akasema vema. Jumapili asubuhi niliamka, nikaenda jikoni, nikasema, "Shikamoo shangazi," naye akaendelea kukoroga mbaazi. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Akafunika sufuria, akatoka. Jumatatu vivyo hivyo. Sijui kama watu wa mahali pengine wataelewa uzito wake. Kwetu shikamoo ni lazima uitoe, na kuitikiwa ni haki yako hata ukiwa umechoma nyumba. Niliitoa kila asubuhi kwa miezi saba, kwa sababu nikiacha ingekuwa mimi ndiye sina adabu, na kila asubuhi ilianguka chini pale jikoni, baina ya jiko na kinu. Alinilisha, alinifulia nilipougua homa, ada ya shule haikuchelewa, nywele alinisuka kila Alhamisi kimya. Marahaba sikuipata. Sikuruhusiwa tena kubeba sinia mbele ya mgeni, na Salma akanipa jina la Bi Shahidi, ambalo lilifika shuleni kabla yangu. Wasichana walikuwa wakilia kama kuku nikipita. Wakati wa kulala nilijipangia maneno ya kumtaka radhi Mahfudh, mafupi, ya kumaliza tu, na kulipokucha mdomo ukakataa. Niliwahi kujiuliza kama kweli niliona nilichoona. Hilo siwezi kulisamehe kwa urahisi: kuna wiki, katikati ya mwaka, nilipoanza kuliona lile jicho likipepesa.

Mitihani ilipokwisha niliondoka. Miaka ikapita, nikaolewa Kikambala, nikafundisha, na shangazi alikuja kwenye harusi yangu, akaniitikia shikamoo kama kwamba hakuwahi kuacha, akanifunga mkufu wa dhahabu shingoni. Nikaupokea. Hatukulizungumza kamwe. Kuku wangu nachinja mwenyewe tangu nipate jiko langu. Mume wangu alikuwa akisema mkono wangu ni mwepesi kuliko wa bucha.

Basi siku ya hitima, nilipotoka sebuleni kwenda kunywa maji nisiyokuwa na kiu nayo, Mahfudh alinifuata uani. Sasa ni Sheikh Mahfudh kweli, ndevu nyeupe, fimbo mkononi, anasalisha msikiti ule ule. Alikuwa akizunguka tangu asubuhi kuwaomba watu wamwie radhi mamake, kama wafanyavyo watoto wa marehemu, mmoja mmoja, kwa lolote alilomkosea mtu.

"Nuru, nawe nakuomba. Mwie radhi mama."

"Kwa lipi?"

"Kwa lolote, dada. Lililo dogo na lililo kubwa."

"Lolote sina. Ninalo moja."

Kicheko cha wanawake kilikuwa bado chatufikia kutoka ndani, Salma alikuwa ameombwa arudie. Mahfudh aliinamisha kichwa.

"Alikuwa kishakufa," akasema. "Nilijua kisu kilipogusa tu. Mama kasimama pale, mtaa wote waniita sheikh, na mimi sijakaa hata mwezi. Neno likanitoka. Lilikuwa neno dogo."

"Na la pili? Nyuma ya pazia?"

"La pili sikuwa na njia."

"Ulikuwa nayo. Ilikuwa ni kusema alikufa. Ni fupi kuliko kusema jicho lilipepesa."

"Wallahi, Nuru," akasema, akinitazama kwa mara ya kwanza, "mimi mwenyewe sikula. Siku ile nilikula samaki peke yake."

Alidhani ananifariji. Alidhani nitaona ucha Mungu wake. Mamake alikula, babake alikula, Bi Aziza wa watu alikula akinihurumia, Salma alikula na kudai nyongeza, na yeye aliyejua akachagua samaki na kuniacha miezi saba nikimsalimia mama yake kama nausalimia ukuta. Nilimwambia hayo yote, na sikuteremsha sauti. Halafu nikamwambia aingie ndani awaambie.

"Leo? Hitima ya mama?"

"Leo ndiyo wameicheka."

Alichora chini kwa fimbo. Sitamnyima haki yake: alikwenda. Alipiga hodi kwenye pazia la sebule, wanawake wakavuta buibui vichwani, akasema pale pale mlangoni kwamba ile hadithi ya kuku isisimuliwe tena hivyo, kwamba kuku alikuwa amekufa kabla ya kisu, kwamba yeye alijua, na kwamba Nuru alisema kweli siku ile na wao wote wakamfanya mwongo. Mtu akasema astaghfirullah. Salma akasema, "Kaka, watutania," naye akajibu kwamba hatanii. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama nyuma yake, akangoja. Nikasema, kwa sauti ya kusikika chumba kizima, kwamba shangazi nimemwia radhi. Juu yake yeye nikasema nitafikiri. Akatoka nje kwa wanaume.

Nikarudi mahali pangu kwenye mkeka. Sinia la halua lilikuwa katikati na hakuna mkono uliolielekea. Salma alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya leso, akaivaa tena, akaifuta tena. Nilijitayarisha kwa mzaha wake.

"Mie nilikula paja," akasema polepole. "Basi yule kuku, Nuru, alikufa na nini?"

Miaka arobaini na minane, na hilo halikuwahi kuulizwa na mtu yeyote.

"Sijui," nikamwambia. "Hakuna aliyemtazama. Sote tulikuwa twatafuta mwanamume."